Ana Miaka 13, Analipa Kama Baba Yake

Leo tuzungumze pesa, likizo, na watoto waliorefuka ghafla.

Kila Desemba inaponukia napata lalamiko lilelile kwa sauti tofauti. "Dada, mwaka juzi hoteli ilituandikia watu wazima wawili na watoto wawili. Mwaka huu ni sisi walewale wanne, chumba kilekile, wanatuandikia watu wazima watatu na mtoto mmoja. Huyo mtu mzima wa tatu ni yupi? Huyu ambaye mpaka leo namkumbusha kupiga mswaki?"

Ndiye huyohuyo, mdogo wangu. Ametimiza 12 au 13, yuko darasa la saba au kidato cha kwanza, na ukimtuma dukani anarudi na chenji pungufu na maelezo marefu. Nyumbani ni mtoto. Kwenye karatasi ya bei ni baba mwenye nyumba.

Nakuelewa unavyouma meno. Lakini kabla hujamfokea binti wa mapokezi kwenye simu, nikwambie jambo lisilopendeza: hajakuonea. Mstari wa miaka 12 ni wa zamani na ni wa dunia nzima. Mashirika ya ndege hugawa abiria mafungu matatu: mchanga ambaye hajatimiza miaka 2, mtoto wa miaka 2 hadi 11, na mtu mzima kuanzia 12. Hoteli nyingi za pwani yetu, kuanzia Diani na Watamu mpaka Nungwi na Paje, zinatumia mstari huohuo au unaokaribiana nao. Na wenzetu wenye ndoto za kuwapeleka watoto kwa Mickey Mouse wajue kwamba Disneyland ya Paris inamhesabu mtu mzima tangu akiwa na miaka 12, na zile za Marekani tangu 10. Kumi! Mtoto ambaye bado anamwogopa paka wa jirani.

Ila ukitoka kwenye ndege na hoteli, mambo yanabadilika, na hapo ndipo nataka uchangamke.

Tazama treni. Kwenye SGR yetu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, nauli zilizotangazwa 2024 zilimpa mtoto wa chini ya miaka 4 safari ya bure, na wa miaka 4 hadi 12 nusu nauli. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000 kwa mkubwa na 15,500 kwa mdogo. Vuka mpaka uingie Kenya: Madaraka Express inampa nusu nauli mtoto wa miaka 3 hadi 11, basi. Kwa hiyo mtoto wako wa miaka 12 akienda Dodoma ni mtoto, akienda Mombasa ni mtu mzima, na hajabadilisha hata soksi.

Nenda mbugani sasa. TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa za Tanzania, inamwingiza bure aliye chini ya miaka 5, inamtoza kiingilio cha mtoto mpaka afike 15, na utu uzima unaanza 16. KWS, wenzao wa Kenya, ina subira zaidi, inamhesabu mtoto mpaka atimize 18. Kwa maana hiyo kijana wako wa miaka 14 anaweza kushuka kwenye ndege akiwa mtu mzima asubuhi, na kupita geti la Serengeti akiwa mtoto mchana. Kwenye daladala za Dar akivaa sare ni denti, nauli yake ni ya mwanafunzi, hata kama ndevu zimeanza kuchungulia. Na kwa sheria, iwe Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 au Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, ni mtoto mpaka atimize 18.

Unaona ninakokwenda? Hakuna umri mmoja wa utu uzima sokoni. Kila muuzaji kachora mstari wake pale panapomfaa. Kubishana na mstari wa mtu ni kupoteza muda wa maongezi. Kazi yako ni kuijua mistari kabla ya kutoa pesa, kisha kuipanga likizo ipite pale ambapo mtoto wako bado ni mtoto, au pale ambapo hakuna anayehesabu vichwa.

Tuanze na nauli kwa sababu ndiyo nyepesi. Tuseme ni baba, mama, na watoto watatu wa miaka 13, 10 na 2, mnatoka Nairobi kwenda Mombasa kwa daraja la kawaida la Madaraka, ambalo tangu Januari 2024 limekuwa shilingi 1,500 za Kenya. Watu wazima watatu ni 4,500, wa miaka 10 ni 750, wa miaka 2 bure. Jumla 5,250. Huyo wa miaka 13 amekuongezea 750 kwenda na 750 kurudi. Inauma, lakini si pesa ya kumfanya mtu auze mbuzi. Na mabasi ya mikoani hayana falsafa ya umri, mara nyingi akikaa kiti unalipia kiti. Wewe mwenyewe ungependa kumpakata kijana wa miaka 13 kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga? Mapaja yako yatakuwa yamekufa ganzi kabla hamjafika Chalinze.

Ndege ni hadithi nyingine, ila nayo haina mengi ya kusema. Punguzo la mtoto wa miaka 2 hadi 11, pale linapokuwepo, mara nyingi ni kama robo ya nauli, na ndege za bei nafuu nyingi hazimpi mtoto punguzo lolote akishavuka miaka 2. Kwa hiyo kabla hujalia kwamba kijana amekuwa ghali, angalia kama hata mdogo wake alikuwa amepunguziwa kitu. Jambo la kukariri ni moja: umri unaohesabiwa ni wa siku ya kusafiri, na siku uliyonunua tiketi haihusiki. Kama binti yako anatimiza 12 tarehe 3 Januari, safari ya Desemba ndiyo ya mwisho kwa bei ya mtoto. Na kama ana mdogo wake anayetimiza miaka 2 mkiwa hukohuko safarini, jiandae kumnunulia kiti cha kurudia.

Nyinyi ndugu zetu mlioko Uingereza, hapa kuna chenu. Mtoto wenu wa miaka 13 anatozwa nauli ya mtu mzima akipanda ndege London kuja Nairobi au Dar es Salaam, lakini serikali ya huko bado inamwita mtoto. Tangu Machi 2016 abiria wa daraja la kawaida aliye chini ya miaka 16 hatozwi kodi ya abiria wa ndege. Kwa safari ya umbali huo kodi hiyo ilifika pauni 90 kwa kichwa Aprili 2025. Ukijaza fomu kwa haraka ukaacha tarehe yake ya kuzaliwa, au ukamwandika mtu mzima bila maelezo, unaweza kuilipa bure. Fungua mchanganuo wa tiketi uutazame. Ukiikuta kodi hiyo kwa jina la kijana wako, idai irudi.

Na mkishatua huku, kumbukeni kwamba getini pasipoti ina uzito kuliko umri. Kwenye hifadhi za Tanzania, mtu mzima raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu ya mtoto wa mgeni. Mjomba mwenye kitambi anaingia kwa shilingi, mpwa wake wa miaka 10 aliyezaliwa Leicester anaingia kwa dola. Kama mtoto ana haki ya pasipoti ya huku, mpatieni mapema, maana karatasi hiyo itawaokolea zaidi ya punguzo lolote la umri.

Haya, tuje hotelini. Hapa ndipo pesa zinapokwenda.

Hoteli nyingi za pwani zinatoza kwa mtu kwa usiku, kulala pamoja na chakula. Mtoto anayelala chumba cha wazazi wake wawili hulipa nusu au chini yake. Akiwekwa chumba chake na mdogo wake, punguzo linapungua. Akitimiza 12, anakuwa mtu mzima wa tatu. Sasa sikiliza: mtu mzima wa tatu ndani ya chumba kimoja si lazima alipe bei kamili. Hoteli nyingi zina bei ya chumba cha watatu, na yule wa tatu hupunguziwa kwa sababu kitanda chake ni cha kuongezwa. Punguzo hilo hawalitangazi kwa kipaza sauti. Wewe ukiuliza "mtoto wa miaka 13 ni bei gani?" utajibiwa "bei ya mtu mzima," na hiyo ni kweli. Uliza hivi: "Watu wazima watatu chumba kimoja, wa tatu mnampunguzia kiasi gani?" Ni kijana yuleyule na kitanda kilekile, ila jibu unalopewa ni jingine.

Tuseme hoteli inatoza shilingi 100,000 kwa mtu mzima kwa usiku, nusu kwa mtoto, na wa tatu chumbani anapunguziwa robo. Baba, mama, kijana wa 13 na mdogo wake wa 9 wakikaa chumba kimoja cha familia: 100,000 mara mbili, ongeza 75,000 ya kijana, ongeza 50,000 ya mdogo. Hiyo ni 325,000. Bila kuuliza ungelipa 350,000. Kwa siku tano umeokoa 125,000 kwa swali moja. Ni nauli ya SGR ya watu wazima wanne kwenda Dodoma, na chenji inabaki.

Lakini chumba kimoja hakimfai kila mtu. Wengi wetu tumelelewa kwamba kaka na dada wakishakua hawalali pamoja, na kijana wa miaka 14 hapaswi kulala futi mbili kutoka kitanda cha wazazi wake. Kwa familia za namna hiyo nashauri vyumba viwili vya wawili wawili: mama na binti, baba na kijana. Ndiyo, utalipa karibu bei ya watu wazima wanne. Ila kila mtu amelala kwa heshima yake, hakuna aliyekunjwa kwenye kitanda cha kuongezwa kinacholia kila akigeuka, na baba na mwanawe wamepata nafasi ya kuongea bila mama kuingilia kati. Akina mama, mnajijua.

Kuna kundi ambalo karatasi za bei zinalionea hasa, nalo ni mama au baba anayesafiri peke yake na watoto. Ile "nusu bei kwa mtoto" ina maneno madogo chini yake: akilala na watu wazima wawili. Ukiwa mzazi mmoja, hoteli nyingi zinamhesabu mtoto wa kwanza kama mtu mzima hata akiwa na miaka 7, kwa hoja kwamba chumba ni cha wawili na lazima kilipiwe na wawili. Kwa hiyo dada unayelea peke yako, kijana wako akitimiza 12 huenda usione tofauti yoyote, kwa sababu ulishakuwa ukimlipia bei hiyo siku zote. Kama hali yako ni hii, hoteli ya kutoza kwa kichwa si rafiki yako. Tafuta inayotoza kwa chumba.

Au achana na hoteli kabisa. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nyumba ya kupanga kwa siku, iwe Diani, Kilifi, Jambiani, Bagamoyo au Pangani, haina mtoto wala mtu mzima. Ina vyumba vitatu, bei moja kwa usiku, kwisha. Diani nyumba nyingi zinakuja na mpishi kabisa: wewe unanunua vitu, yeye anapika. Asubuhi unawasubiri wavuvi wakitoka baharini, unachagua changu au kolekole, mchana unakula samaki wa nazi kwa bei ambayo hotelini isingekununulia hata supu. Ukiungana na familia ya dada yako mkagawana nyumba, wale vijana wanne warefu walioandikwa watu wazima huko hotelini wanageuka kuwa faida. Wanabeba maji, wanaosha vyombo, wanawatazama wadogo wakiogelea. Gharama ya kijana wa miaka 13 kwenye nyumba kama hiyo ni chakula chake tu.

Na hapo kwenye chakula tusidanganyane. Sote tumemwona kijana wa umri huo mbele ya bafe. Anapita mara ya kwanza kwa wali, mara ya pili kwa tambi, ya tatu anasema anaonja tu, na anayeonja amebeba sahani mbili. Mwenye hoteli anayesema huyu anakula kama mtu mzima anamsifia kwa unyenyekevu mno. Kiti cha ndege anakijaza, kitanda anakijaza, sahani anaizidisha. Kwa vitu hivyo mimi nalipa bei ya mtu mzima na siombi radhi wala sinung'uniki.

Ninachokataa ni kumlipia asichoruhusiwa kutumia. Zile hoteli za kulipia kila kitu kwa mkupuo, vinywaji vyote vikiwemo, zinakutoza bei ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 13 huku ndani ya bei hiyo mmepigiwa hesabu ya bia na mvinyo. Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Sasa hiyo bia unamlipia nani? Hoja hii itumie, ina nguvu, na ni ya haki. Mwambie meneja kwa upole kabisa: "Kijana wangu hanywi na haruhusiwi kunywa. Tafadhali mpe bei ya malazi na chakula tu." Tumia hiyohiyo kwa ukumbi wa mazoezi wenye kibao cha "kuanzia miaka 16" na kwa huduma za kukandwa mwili. Meneja anaweza kukataa, lakini atakuwa amekataa jambo lenye mantiki na wote wawili mtajua. Wengine, hasa nje ya Krismasi na Pasaka, wanakubali. Piga simu mwenyewe uongee na mtu wa hifadhi ya vyumba. Tovuti haina huruma, binadamu anayo kidogo.

Sasa niseme lile ambalo baadhi yenu mmeshaanza kulipanga kimoyomoyo: "Si tuseme ana miaka 11?"

Msiseme. Kwenye ndege hakuna nafasi, pasipoti ina tarehe ya kuzaliwa, na ukikamatwa kaunta utalipa tofauti kwa bei ya siku hiyo, ambayo itakuwa imepanda mpaka machozi yakutoke. Kwenye treni wanaweza kukuuliza cheti cha kuzaliwa. Hotelini wengi hawaulizi, huo ni ukweli, na ndiyo maana watu wanajaribu. Lakini hebu fikiria unachomfanyia mtoto. Ana miaka 13. Ameusubiri umri huu. Unamwambia asimame nyuma ya mizigo, apinde magoti kidogo, na akiulizwa aseme 11. Kisha mdogo wake wa miaka 6, ambaye ndio kwanza amefundishwa kwamba uongo ni dhambi, anasema kwa sauti ya kusikika mpaka bwawani, "Mama, dada si ana miaka 13?" Hakuna punguzo linalolipa aibu hiyo. Na wewe huyohuyo, ukirudi nyumbani, utamuuliza kwa nini alidanganya kuhusu simu.

Lipo jambo baya kuliko uongo, na hili naliona linafanyika bila watu kujua. Mzazi anapata bei, anashtuka, anasema mezani mbele ya wote: "Mwaka huu hatuendi, kaka yenu amekuwa ghali." Anasema kwa utani. Wadogo wanacheka. Kijana anacheka pia, halafu anaondoka na sahani yake.

Wadogo zangu, umri wa miaka 12 hadi 14 ni umri ambao mtoto anajiona amezidi kila mahali. Miguu mirefu, sauti haieleweki, viatu havitoshi tangu Juni. Ukimwambia kwamba yeye ndiye aliyeharibu likizo ya familia, hata kwa mzaha, atakuamini. Mwaka unaofuata atasema hataki kwenda, na wewe utasema "vijana wa siku hizi hawapendi kukaa na wazazi." Hesabu za bei zifanyike chumbani, baina ya wakubwa, mlango umefungwa. Na kama hakuna pesa, sema hakuna pesa, bila kutaja jina la mtu.

Vilevile usimwache nyumbani ili wengine waende kwa bei ya watoto. Nimeshasikia mpango huo ukisifiwa kama ujanja: "Mkubwa aende kwa bibi, sisi tupite Zanzibar." Kwenda kwa bibi ni jambo jema sana, wote wakienda. Mkienda kwa zamu, mwaka huu mkubwa kwa bibi, mwakani mdogo, sina neno. Lakini kumpeleka mmoja kijijini kwa sababu ametimiza 12 ni adhabu kwa kosa la kukua.

Badala yake, ukishamlipia bei ya mtu mzima, mpe na sehemu ya mtu mzima. Mwonyeshe karatasi ya mipango, achague siku moja ya safari iwe yake. Anataka kuona Fort Jesus au anataka kulala mpaka saa nne? Aseme. Mpe begi lake alipange mwenyewe na asilaumiwe akisahau chaji. Wale wa Watamu na Unguja wenye uwezo, mafunzo ya kuzamia kwa mtindo wa PADI yanaanza miaka 10, kwa hiyo kijana wa 13 anaruhusiwa kabisa, na pesa uliyookoa kwenye chumba inaweza kwenda huko. Kijana aliyeshirikishwa hulalamika kidogo. Sijasema halalamiki.

Neno dogo kwa wanaosafiri nje bila mwenza wao. Kwenye tiketi mtoto wa miaka 13 ni mtu mzima, lakini kwa afisa wa uhamiaji ni mtoto, na anaweza kukuuliza barua ya ridhaa ya mzazi mwingine na cheti cha kuzaliwa. Tembea navyo. Bei ya mtu mzima haimpi hadhi hiyo mbele ya dirisha la pasipoti.

Basi wiki hii, kabla ya kutuma hata shilingi ya kushikia chumba, mwandikie mwenye hoteli ujumbe mfupi: majina ya wanaokuja, umri wa kila mtoto siku ya kuingia, nani analala na nani, na swali la bei ya mtu wa tatu. Mwombe jibu kwa maandishi, si kwa sauti. Jibu hilo lihifadhi, maana anayekupokea mlangoni mara nyingi si yule uliyeongea naye kwenye simu.

Nanyi wenye hoteli mnaosoma ukurasa huu, najua mpo. Wekeni bei ya kijana, miaka 12 hadi 17, hata ikiwa robo tatu ya mtu mzima, na muiandike wazi pamoja na zile nyingine. Familia yenye vijana wawili inakula vizuri na inalipa bili yake. Siku hizi hiyo familia inapanga nyumba ya mtu na kununua samaki kwa wavuvi, na nyinyi vyumba vinabaki vitupu.